Chesisi ya Mbulu, Injini ya Mnada: Land Rover na Mafundi wa Manyara

Anayekwenda Mbulu kwa njia ya Magara huiacha barabara kuu ya Babati pale Mbuyu wa Mjerumani, akakata tambarare iliyo kusini mwa Ziwa Manyara, kisha akaukabili ukuta. Ukuta huo ni kingo za Bonde la Ufa, na barabara haina hila nyingine ila kuupanda kona kwa kona hadi nyanda za juu. Siku hizi kuna daraja kubwa mtoni, na sehemu zenye mwinuko mkali zimemwagwa zege. Zamani, masika yakikolea, udongo mwekundu ndio ulioamua nani apite na nani alale bondeni. Waliopita, mara nyingi, walikuwa ndani ya Land Rover.

Gari hilo la Kiingereza halikubuniwa kwa kuifikiria Mbulu wala Hanang, lakini limezeeka huko, na limezeeka kwa namna yake. Land Rover za zamani zinazotembea leo kati ya Dongobesh, Haydom, Bassotu na Katesh ni chache zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani. Chesisi ni ya mwaka huu, bodi ya mwaka ule, injini imetoka Japani. Ukitaka kujua zimefikaje hapo, fuata mpaka uliofungwa, fedha za kigeni zilizoadimika na minada ya magari chakavu ya umma.

Asili yake ni vita. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na humo alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki jeshini. Aliona mkulima wa Uingereza angehitaji kitu cha aina hiyo. Chuma wakati huo kiligawiwa kwa kibali, aluminiamu ikapatikana kwa wingi kwa kuwa viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu iitwayo Birmabright, na chesisi kwa vipande vya bamba la chuma vilivyochomelewa vikawa boksi refu. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Amsterdam.

Uamuzi huo wa shida ndio uliokuja kuwaneemesha mafundi wa Manyara. Bodi ya aluminiamu hailiwi na kutu kama bati la chuma. Sehemu zake nyingi zimenyooka au zina mkunjo mdogo tu, kwa hiyo zinaweza kukatwa na kukunjwa bila mashine ya kiwandani. Mlango, paa, mabawa ya mbele na bodi ya nyuma vyote vimefungwa kwa bolti, na mtu mwenye seti ya spana na subira anaweza kulivua gari lote mpaka libaki mifupa. Udhaifu uko kwenye mifupa yenyewe: chesisi ile ya boksi huoza kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Land Rover zilipoanza kuingia Tanganyika, Mbulu ilikuwa wilaya kubwa mno. Ilizibeba Karatu, Babati na Hanang za leo, kuanzia mpaka wa Ngorongoro hadi nyuma ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na mpango wa maendeleo wa Mbulu, uliolenga kupunguza mifugo, kuzuia mmomonyoko na kufyeka vichaka vya mbung'o ili watu wahamie maeneo mapya. Kazi kama hiyo haikufanyika ofisini. Bwana mifugo na bwana shamba walishinda njiani, na njia zenyewe zilikuwa nyayo za ng'ombe zilizopanuliwa kidogo. Kwa hiyo wenyeji waliijua Land Rover kwanza kama gari la serikali: likionekana kijijini, kuna hesabu ya mifugo, kodi au mkutano.

Halafu siasa nayo ikalipanda. Katika miaka ya 1950 Land Rover ya TANU ilimzungusha Julius Nyerere mikoani kuomba uhuru. Mbulu yenyewe iliacha alama ya pekee katika siasa hizo: kwenye uchaguzi wa 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, na kiti kimoja kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt alisimama kama mgombea binafsi akamshinda mgombea rasmi wa chama.

Mkondo mwingine ulikuja na misheni. Mwaka 1955 Wanorwe wa misheni ya Kilutheri walifungua hospitali Haydom, kusini-magharibi mwa Mbulu, mahali ambapo wagonjwa walitoka kwa Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe. Dkt. Ole Halgrim Evjen Olsen alifika mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuitumikia kwa miongo minne. Hospitali iliyo mbali namna ile na mji mkubwa haiwezi kuishi kwa madaktari peke yao. Inahitaji watu wa jenereta, watu wa maji na watu wa magari, kwa sababu mama mjamzito wa Yaeda Chini hafiki wodini kwa nia njema. Sehemu nyingi za Tanzania mafundi wa kwanza wa vijijini walitoka kwenye karakana za namna hiyo, wengine kwenye shule za ufundi za Ifunda, iliyofunguliwa 1951, na Moshi, iliyofuata 1957. Waliobaki walijifunza kwa Kalasinga wa Arusha: kijana anaanza kwa kuosha vyuma kwa dizeli, anapandishwa cheo cha kushika taa, na siku moja anaachiwa spana.

Gari walilolijua zaidi ni 109. Namba hiyo ni urefu wa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani mita 2.77 hivi, na ilitosha kuweka mabenchi mawili nyuma, abiria wakitazamana. Toleo la pili lilianza 1958, likaboreshwa 1961, na la tatu likaja 1971. Injini ya lita 2.25 ilipatikana ya petroli na ya dizeli. Ya dizeli ilikuwa na nguvu za farasi 62 tu, ndiyo maana mlimani ilipanda kwa mwendo wa mzee, ila ilipanda. Pembeni mwa gia kuu kulikuwa na vishikio viwili ambavyo kila utingo alivijua. Cha njano kilibonyezwa chini ili magurudumu ya mbele nayo yavute. Chekundu kilivutwa gari likiwa limesimama, na hapo gia zote zikawa nzito, gari likatambaa. Mbele, kwenye bampa, palikuwa na tundu la kupitishia hendeli. Betri ikifa, mtu alishuka, akaingiza chuma, akaizungusha injini kwa mkono, huku akiomba isimrudishie teke na kumvunja kiganja.

Mambo yaliharibika baada ya 1973. Bei ya mafuta ilipanda duniani, na Tanzania ikabana matumizi hadi magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya ukafungwa. Kwa watu wa kaskazini hilo lilikuwa pigo la moja kwa moja, kwa kuwa Nairobi ndiyo iliyokuwa duka lao la spea, na mwaka uleule Kenya ilikuwa na kiwanda cha Leyland cha Thika kinachounganisha Land Rover. Namanga ilibaki imefungwa hadi Novemba 1983. Katikati hapo kulikuwa na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo vilimeza magari na fedha za kigeni. Mwenye gari lililokufa pampu ya dizeli alikuwa na njia tatu: aombe kibali cha kuagiza na kungoja, atafute spea ya magendo, au amwone fundi.

Ukinzani wa nyakati hizo ulionekana vizuri zaidi Hanang, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu mwaka 1969. Katika tambarare za Bassotu, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, liliendesha mashamba saba ya ngano kwa msaada wa Kanada. Karibu ekari laki moja za malisho ya Wabarabaig ziligeuzwa kuwa mistari ya ngano, na mgogoro wake ulifika mahakamani miaka ya 1980. Matrekta na mashine za kuvunia zilitoka Kanada zikiwa na spea zake. Nje ya uzio wa mashamba hayo, gari lenye namba za serikali lingeweza kukaa juu ya mawe mwaka mzima, limeng'olewa magurudumu, likingoja kitu kidogo kama sili ya breki.

Ni katika miaka hiyo ndipo ufundi wa kubuni ulipokomaa. Gasketi ilikatwa kwenye karatasi ngumu ya boksi, ikapakwa grisi. Bushi za springi zilichongwa kutoka tairi kuukuu. Tangi lililotoboka chini ya kiti lilizibwa kwa kipande cha sabuni ya kufulia, ambacho petroli haikiyeyushi, na safari ikaendelea. Springi iliyovunjika jani moja ilipata jani la lori, likakatwa na kupindwa kwenye moto wa mhunzi. Wahunzi wa Kidatoga walio upande wa Ziwa Eyasi hadi leo hugeuza misumari na vyuma chakavu kuwa visu na ncha za mishale wanazonunua Wahadzabe. Kwao chuma cha gari hakikuwa takataka.

Ugonjwa mkubwa wa 109 ulikuwa hafushafti ya nyuma, fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu. Dereva akiachia klachi kwa pupa gari likiwa limezama kwenye udongo mweusi wa Yaeda, fimbo hiyo ilikatika kwa mlio mmoja. Hapo wabunifu wa Kiingereza walikuwa wametenda wema. Bolti za kikombe cha gurudumu zikifunguliwa, kipande kilichovunjika kinachomolewa bila jeki. Dereva anayejua huondoa vipande, akabonyeza kile kishikio cha njano, na gari likaenda likivutwa na magurudumu ya mbele hadi nyumbani. Ndiyo maana safari ya mbali ilibeba hafushafti ya akiba, imefungwa kwa mpira wa tyubu chini ya benchi, kama mwingine anavyobeba maji.

Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa walizitoa wapi. Mpaka ulikuwa umeshafunguliwa. Kufikia mwisho wa muongo huo spea zilianza kuonekana tena madukani Arusha, na kitu kingine kikatokea: serikali, miradi ya wafadhili na mashirika ya umma yaliyokuwa yakibinafsishwa yakaanza kuyauza magari yao chakavu mnadani. Gari lililomtisha mfugaji miaka ya 1950 sasa liliweza kununuliwa na mfugaji huyo, au na mjukuu wake, kwa bei ya ng'ombe kadhaa.

Wamiliki hao wapya waligeuza Land Rover kuwa basi. Siku ya mnada wa mifugo, gari lililobuniwa kwa watu kumi lilijaza mara mbili ya hapo, wengine wakisimama kwenye bampa ya nyuma na kushika ngazi ya paa. Juu ya paa vilikaa magunia ya maharage, vitunguu saumu vya Mbulu, chumvi ya Ziwa Balangida, na mbuzi aliyefungwa miguu. Mabasi yaliishia lami inapoishia. Land Rover iliendelea kutoka hapo, na nauli yake ilipangwa na hali ya barabara kuliko umbali: mvua ikinyesha, inapanda.

Kazi hiyo iliua injini. Petroli ilikuwa ghali, na ile dizeli ya farasi 62 haikuhimili mizigo ya namna hiyo kila siku. Mafundi wakaanza kutia injini za Kijapani, Toyota au Nissan, zilizotolewa kwenye magari yaliyogongwa. Ugumu ulikuwa kuioanisha injini ya mfumo wa milimita na gia boksi ya mfumo wa inchi. Fundi alipima kwa kadibodi, akachora matundu ya pande zote mbili, kisha akampelekea mtu wa mashine Arusha achonge bamba la kuunganisha. Unene ukikosewa kidogo, klachi hailegei sawasawa na bearingi hufa mapema. Aliyeipatia hakuandika vipimo popote. Bamba lenyewe lilibaki kuwa kumbukumbu, na wengine waliliazima ili kulinakili.

Toleo la 1983, One Ten, lilikuja na springi za mduara badala ya zile za majani, na mwaka 1990 likabatizwa jina la Defender. Kwa Watanzania wengi jina hilo liliishia kuwa jina la gari la polisi; mtu akisema fulani kapakizwa kwenye difenda, hakuna anayeuliza rangi yake. Kampuni za utalii za Arusha na Karatu nazo zilizitumia, kabla ya nyingi kuhamia Land Cruiser. Lami ya Babati hadi Singida, iliyopita Katesh mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilipunguza kazi ya 109 upande wa Hanang: Noah na pikipiki za bodaboda zikachukua abiria. Magari ya zamani yakasukumwa ndani zaidi, yakafuata barabara mbaya zilikobaki.

Anayetaka kulifufua gari kama hilo leo hukutana na fundi anayeanza kazi akiwa amelala chali. Anaipiga chesisi kwa ncha ya nyundo, akianzia kwenye mikono ya mbele inayoshika springi, akimalizia kwenye boriti ya nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye mchanga, na wakati mwingine nyundo inazama. Kisha anauchunguza ukuta uliopo kati ya injini na abiria, ambao ni wa chuma hata kama bodi ni ya aluminiamu, kwa sababu bawaba za milango zinaukalia na miguu ya dereva inauchosha kwa matope. Pale ambapo chuma na aluminiamu vimegusana kwa miaka hamsini, aluminiamu imekuwa unga mweupe. Bolti zilizoganda hulazwa kwenye mafuta usiku kucha kabla ya kuguswa. Zinazokataa hukatwa. Baada ya hapo ndipo linapokuja swali la fedha: kutia viraka, kuunga nusu ya mbele ya gari hili na nusu ya nyuma ya lile, au kuagiza chesisi mpya. Uingereza kuna viwanda vidogo vinavyoziuza zikiwa zimechovywa zinki, lakini usafiri na ushuru huweza kuzidi thamani ya gari zima.

Maana ya kukarabati nayo haifanani. Mkusanyaji wa Ulaya hutaka gari lirudi lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani Solihull, hadi rangi ileile ya kijani. Mwenye gari wa Haydom anataka lirudi barabarani kabla ya mavuno. Ila mitazamo hiyo imeanza kukaribiana. Kiwanda cha Solihull kilifunga utengenezaji wa Defender ya zamani tarehe 29 Januari 2016, na bei zikapanda, zikisukumwa zaidi na sheria ya Marekani inayoruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa nchini. Tanzania nayo ilionyesha hamu yake Oktoba 2024, mkuu wa mkoa wa Arusha Paul Makonda alipowaita wamiliki wa Land Rover kwenye tamasha mjini humo, kwa nia ya kuipiku rekodi ya msafara ya Ujerumani ya mwaka 2018 yenye magari 632. Mamia kwa mamia yalifika, mengine yakiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake.

Kuingiza Land Rover kongwe kutoka Uingereza bado kunawezekana Tanzania, tofauti na Kenya inayokataa gari lililopita miaka minane, lakini umri wake hutozwa ushuru wa nyongeza. Kwa hiyo wengi hutafuta mizoga iliyolala nyuma ya nyumba vijijini. Hapo kikwazo huwa kadi. Kadi ya gari hubeba namba ya chesisi na namba ya injini, na gari lililopita mikononi mwa mafundi wanne lina injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa, pengine na chesisi ya magari mawili. Mnunuzi mzoefu hapotezi muda kwenye rangi. Anainama kwenye mkono wa springi ya mbele kulia, ambako namba iligongwa kiwandani, akiwa na brashi ya waya na tone la dizeli. Namba ikilingana na kadi, wanaanza kupatana bei. Isipolingana, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya gia boksi peke yake, milango peke yake, na bodi kwa kilo.